Kuchagua Samaki wa Mapambo Wanaoweza Kuishi Pamoja

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wananchi jijini Mwanza katika kuadhimisha Siku ya Haki za Mlaji



Kila mwaka, tarehe 15 Machi, dunia huadhimisha Siku ya Haki za Mlaji. Kwa kawaida siku hii huwa tunazungumza juu ya mizani, unga, dawa na vifaa vya umeme. Leo nimeombwa nizungumze juu ya bidhaa inayouzwa ikiwa hai, ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa. Yaani samaki wa mapambo wanaofugwa nyumbani katika tangi la kioo.

Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Mwanza, ambao kila alfajiri tunawaona sangara, sato na dagaa wakishushwa Mwaloni, tuna haja gani ya kufundishwa samaki? Swali hilo ni la haki. Lakini samaki tunaowafahamu ni wa jikoni na wa biashara. Kumtunza samaki akiwa hai, tena pamoja na samaki wengine asiowajua, ni elimu nyingine kabisa. Asiyekuwa nayo hupoteza fedha zake, na katika mji wetu huu uliokaa ufukweni anaweza pia kulidhuru ziwa.

Kosa langu la kwanza

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliwanunulia watoto wangu tangi lenye urefu wa sentimita 60. Siku hiyo hiyo nililijaza maji ya bomba, kisha nikachagua samaki kama mtu achaguavyo vitenge, kwa kufuata rangi: samaki wa dhahabu wawili, tetra wadogo sita wenye mstari wa buluu unaong'aa, na oska mmoja aliyekuwa na urefu wa kidole. Nilimwuliza muuzaji kama wataelewana. Akanijibu, "Wote hawa ni samaki wa maji baridi, mzee wangu. Watakaa bila taabu."

Tetra wawili walikufa kabla ya wiki kwisha. Wanne waliosalia wakawa wanapungua usiku, mmoja mmoja, bila mzoga wowote kuonekana. Binti yangu ndiye aliyegundua kuwa kila tetra alipopotea, tumbo la oska lilikuwa limetuna. Samaki wa dhahabu nao wakanyong'onyea, mapezi yakaliwa, wakafa. Baada ya miezi mitano nilibaki na samaki mmoja mwenye ukubwa wa kiganja changu, akijigonga kwenye kioo kwa kukosa nafasi ya kugeuka.

Jioni moja nilimtia ndooni nikashuka naye ufukweni. Nikamkuta mvuvi mzee akishona nyavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza, "Mwanangu, umebeba nini humo?"

"Nimebeba samaki, mzee. Amenishinda kumfuga, nimeona nimrudishe majini."

Akachungulia ndoo, akamtazama kwa muda. "Huyu simjui. Alivuliwa humu ziwani?"

"Hapana, mzee. Asili yake ni Amerika Kusini."

"Basi humrudishi," akasema. "Unampeleka ugenini. Sangara naye alianza na wachache."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu, nikahangaika wiki mbili hadi nikampata mtu mwenye tangi kubwa aliyekubali kumchukua. Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza kabla ya kulipa, na maswali hayo ndiyo ninayotaka kuwagawia leo.

Swali la kwanza: samaki huyu anatoka katika maji gani?

Katika lugha yetu, "maji baridi" ni maji yasiyo ya chumvi. Kwa hiyo muuzaji aliponiambia kuwa wote ni samaki wa maji baridi, hakusema uongo. Alinieleza tu kwamba hawakutoka baharini. Jina hilo halielezi joto la maji wala madini yaliyomo, na hayo ndiyo yanayoamua ni samaki gani wakae pamoja.

Samaki wa dhahabu hupendelea maji yenye joto la nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Hapa Mwanza, maji yaliyotulia ndani ya nyumba huwa na joto zaidi ya hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tetra, gapi na samaki wengi wa tropiki hustawi katika nyuzi 24 hadi 26, ndiyo maana wengi wetu hatuhitaji hata kununua hita. Kumweka samaki wa dhahabu pamoja nao ni kumlazimisha mmoja wao aishi katika hali isiyo yake. Isitoshe, samaki wa dhahabu hula sana, huchafua maji haraka, na hukua hadi kupita sentimita 15. Huyo afugwe na wenzake wa jamii yake.

Kosa jingine ni kudhani kwamba samaki wote wa maziwa yetu ya Tanzania ni ndugu. Samaki wanaovuliwa Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, wamezoea maji yenye madini mengi. Maji ya Ziwa Viktoria yana madini machache zaidi. Tena baadhi ya samaki maarufu wa Tanganyika hukwangua mwani kwenye miamba na wana utumbo mrefu. Wakilishwa chakula cha samaki walao nyama, huvimba tumbo na kufa. Wale wenye rangi kali wa miamba ya Ziwa Nyasa nao ni wagomvi kupita kiasi kwa samaki wengi wa kwetu. Atakaye kufuga samaki wa maziwa matatu aandae matangi matatu.

Swali la pili: atakuwa na ukubwa gani akikomaa?

Samaki wengi dukani ni vifaranga. Oska niliyemnunua akiwa na urefu wa kidole hukua hadi kupita sentimita 30. Samaki mnyonya kioo, anayeuzwa kama "msafishaji wa tangi", naye kwa aina yake ya kawaida hupita sentimita 30. Kambale mchanga anapendeza kwa sharubu zake, lakini akikomaa anaweza kuzidi mita moja. Kamongo vivyo hivyo, na juu ya hayo huuma.

Ukubwa huo una maana mbili. Kwanza ni nafasi. Pima tangi lako kwa sentimita, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha gawanya kwa 1,000. Utapata idadi ya lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. La sentimita 100 kwa 40 kwa 40 hubeba lita 160. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Meza ya kawaida haibebi kilo 160 pamoja na kioo na changarawe.

Pili ni mdomo. Karibu kila samaki humla mwenzake anayeenea mdomoni mwake, na kufanya hivyo si ukatili, ni chakula. Samaki malaika, mwenye umbo la pembetatu na mwendo wa upole, huishi vizuri na tetra wadogo akiwa mchanga, akikomaa huwawinda. Kwa hiyo usilinganishe samaki kwa ukubwa walio nao dukani. Walinganishe kwa ukubwa watakaokuwa nao baada ya mwaka mmoja.

Swali la tatu: ana tabia gani, na anahitaji wenzake wangapi?

Wapo samaki wa makundi. Tetra mdogo akiwa peke yake, au wakiwa wawili tu, huishi kwa hofu, rangi yake hufifia na hugoma kula. Wanunue wasiopungua sita, na wakifika kumi ni bora zaidi.

Wapo pia wasiovumilia mwenzao. Dume la beta, samaki mwenye mapezi marefu kama kanga inayopepea, asili yake ni Thailand na nchi jirani. Madume mawili ndani ya tangi moja yatapigana hadi moja life. Beta mmoja peke yake katika tangi dogo lenye chujio na majani ni uchaguzi mzuri kwa anayeanza. Asiwekwe pamoja na samaki wenye tabia ya kudonoa mapezi ya wenzao, kama baadhi ya wale wa Asia wenye milia.

Wapo tena wenye kuzaa bila kikomo. Jike la gapi huzaa vifaranga hai kila baada ya mwezi mmoja hivi, na huweza kununuliwa dukani likiwa tayari na mimba. Asiyetaka kuwa na samaki 100 kabla ya mwaka kwisha anunue madume tu, ambayo ndiyo yenye rangi.

Kwa tangi la lita 54, basi, chagua moja kati ya haya: madume ya gapi sita hadi manane, au beta mmoja. Kwa tangi la lita 160 unaweza kuweka tetra kumi pamoja na kambale wadogo sita wa Amerika Kusini waitwao koridora, ambao hawazidi sana urefu wa kidole. Tetra huogelea katikati ya maji, koridora hukaa chini, na wote wametoka upande mmoja wa dunia. Hao ndio majirani wasiogombana.

Je, tunaweza kufuga samaki wa kwetu?

Swali hili huulizwa na vijana wengi, nami nalifurahia. Ziwa letu ni makao ya furu, samaki wadogo ambao mamia ya spishi zao hazipatikani popote pengine duniani. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa wengi kiasi kwamba hapa Mwanza palikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Mwaka 1985 spishi moja ya miambani, ambayo dume lake lina mgongo mwekundu na milia myeusi, ilipewa jina la kisayansi la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Baadaye jamii yake ikaitwa Pundamilia, kwa neno letu wenyewe la Kiswahili. Leo samaki huyo hutunzwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani, ilhali wengi wetu tunaoishi kando ya miamba yake hatujapata kumwona.

Furu anafugika, ila ana masharti. Tangi lisiwe na urefu chini ya mita moja, na liwe na mawe mengi ya kujificha. Weka dume moja na majike manne au matano, kwa sababu dume hulinda eneo lake kwa ukali, na jike moja likiwa peke yake nalo litafukuzwa bila kupumzika. Jike hulea mayai na vifaranga mdomoni, wala halili vizuri siku hizo; ukiona kidevu kimetuna na samaki hataki chakula, usidhani ni mgonjwa.

Zaidi ya yote, usichanganye spishi mbili za furu zinazofanana. Majike yao ni vigumu kuyatofautisha, na majike yenyewe hutambua dume la spishi yao kwa rangi. Watafiti waliofanya kazi katika visiwa vya Ghuba ya Mwanza walibaini kwamba pale maji yalipochafuka na mwanga ukapungua, majike yalishindwa kutofautisha, na spishi zikachanganyikana. Katika tangi lenye giza hali huwa hiyo hiyo.

Usijichukulie furu ziwani kwa mikono yako. Mwone kwanza Afisa Uvuvi wa eneo lako, akueleze taratibu zilizo chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Maji yanayozunguka Kisiwa cha Saanane ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa, na uvuvi humo hauruhusiwi. Wala usichote maji, majani au konokono ufukweni kwa ajili ya kupamba tangi: baadhi ya konokono wa ziwa hubeba vijidudu vya kichocho, na mkono uingiao katika tangi la namna hiyo unaweza kuambukizwa.

Kabla ya kununua, na wakati wa kununua

Tangi litangulie, samaki wafuate. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika chujio lililokomaa huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Washa chujio na pampu ya hewa, tia chembe chache za chakula ili waanze kazi, na uwe na subira. Tetra wangu wawili wa mwanzo, naamini, hawakuliwa na mtu. Waliuawa na maji mapya.

Maji ya bomba hutiwa klorini kwa usalama wetu sisi wanadamu. Yaweke katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini, kabla ya kuyamimina. Kisha badilisha robo ya maji kila wiki. Usibadilishe yote kwa pamoja, na usilioshe chujio kwa maji ya bomba, maana utaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua, hasa wakati wa joto. Kinga ya kwanza dhidi ya hali hiyo ni kuwa na samaki wachache. Tangi lenye samaki kumi litavumilia saa ambazo tangi lenye samaki 40 haliwezi. Pampu ndogo ya betri ni kinga ya pili.

Ufikapo dukani, tazama kabla ya kuuliza bei. Samaki mzima huogelea kwa mapezi yaliyofunguka, macho yake ni maangavu, na hukimbilia chakula. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Ukiona hata samaki mmoja aliyekufa ndani ya tangi hilo, au wenye madoa meupe kama chembe za chumvi, usinunue yeyote kutoka humo. Uliza jina la samaki, na kama ni wa kigeni, uliza kama aliingizwa nchini kwa kibali. Muuzaji asiyejua jina la anachokiuza hawezi kukuambia kitakua kiasi gani.

Kisha dai risiti, nayo iandikwe jina la samaki na idadi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na samaki hawakuachwa nje kwa kuwa ni viumbe hai. Ukiuziwa oska kwa maelezo kwamba ni samaki mdogo wa kuishi na wengine, una haki ya kulalamika. Anza kwa muuzaji mwenyewe, kwa upole na ukiwa na risiti mkononi. Mkishindwa kuafikiana, njoo kwetu. Bila risiti, hata sisi tunabaki na maneno matupu.

Yasiyotakiwa yasipelekwe ziwani

Ndugu wananchi, nimeacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, na spishi nyingi za furu zikatoweka. Sikatai kwamba sangara ametupatia viwanda, ajira na fedha za kigeni. Ninachosema ni kwamba samaki aliyeingia hawezi kutolewa tena. Gugu maji nalo lina kisa kama hicho. Asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau kwa ajili ya kupamba mabwawa yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likafika katika ziwa hili, na katika miaka ya 1990 wavuvi wetu wakashindwa kutoa mitumbwi. Lilianza likiwa pambo la mtu, kama samaki walivyo pambo ndani ya nyumba zetu.

Kwa hiyo samaki aliyekushinda mrudishe dukani, mpe mfugaji mwingine, au omba ushauri kwa Afisa Uvuvi. Aliyekufa mzike shimoni. Maji ya tangi yamwage bustanini, mbali na mfereji uendao ziwani, na majani yake yaanike yakauke kabisa kabla ya kuyatupa. Hayo yanamhusu mwenye tangi la lita 54 sawasawa na mwenye bwawa.

Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Mimi nilipaswa kuuliza mambo matatu tu siku ile dukani: samaki huyu anatoka katika maji gani, atakua kiasi gani, na anaishi na nani. Watoto wangu wasingewalilia samaki wao, nami nisingekutwa ufukweni na ndoo.